Pini Imeingia, Lakini Je, Umeme Unafaa? Namna ya kuchagua adapta mbadala ya kifaa cha nyumbani

Nenda na ruta yako kwenye duka la vifaa vya umeme, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam, Darajani kule Zanzibar au Luthuli Avenue jijini Nairobi, useme adapta imekufa. Kitu cha kwanza kitakachofanyika ni kujaribu pini. Muuzaji atatoa adapta moja kwenye rundo, ataichomeka kwenye tundu la ruta, haiingii. Atachukua nyingine, inaingia, taa ya kijani inawaka, bei inatajwa. Unaondoka umeridhika. Baada ya siku chache ruta inaanza kujizima jioni, wakati watu wote wako nyumbani na simu zao. Au haifiki hata siku hizo: inatoa harufu ya kuungua usiku huohuo.

Tatizo liko kwenye mpangilio. Pini ilipaswa kuangaliwa mwisho, lakini inaangaliwa mwanzo, na mara nyingi inaangaliwa peke yake. Pini ya duara ya milimita 5.5 kwa nje na 2.1 kwa ndani, ambayo ndiyo imejaa madukani, inatumika kwenye ruta za volti 9, ruta za volti 12, ving'amuzi, kamera za ulinzi, taa za volti 5 na hata vifaa vya volti 24. Hakuna kanuni inayofunga ukubwa wa pini na kiasi cha umeme kinachopita ndani yake. Kwa hiyo pini ikiingia umejua jambo moja tu, kwamba pini imeingia.

Mpangilio ninaoutetea ni huu: volti (msukumo wa umeme) kwanza, kisha aina ya umeme, kisha upande wa chanya na hasi, kisha ampea (kiasi cha umeme kinachopita), halafu ndipo pini. Ukiufuata hivyo, adapta nyingi kwenye lile rundo zitakuwa zimeshajiondoa zenyewe kabla hujachomeka chochote.

Muulize kifaa

Watu wengi hubeba adapta iliyokufa kwenda dukani na kuomba "kama hii". Ni ushahidi, lakini si ushahidi mkuu. Adapta uliyoshika inawezekana nayo ilinunuliwa baada ya nyingine kufa, na aliyeinunua alijaribu pini. Kwenye vifaa vya mtumba jambo hili ni la kawaida mno. Geuza kifaa chenyewe, soma maandishi ya chini au ya nyuma karibu na tundu la umeme. Utakuta kitu kama *DC 12V 1.5A*, wakati mwingine kimechongwa kwenye plastiki bila rangi, hadi ukiangalie kwa tochi ya simu ukiwa umeilaza pembeni. Hicho ndicho mtengenezaji alichokusudia. Lebo ya kifaa na lebo ya adapta zikipingana, fuata ya kifaa.

Sasa chukua lebo ya adapta. Imegawanyika sehemu mbili. Palipoandikwa INPUT ni umeme unaoingia kutoka ukutani, na OUTPUT ni umeme unaotoka kwenda kwenye kifaa. Tuseme imeandikwa *INPUT: 100-240V~ 50/60Hz 0.6A*, na chini yake *OUTPUT: 12V⎓1.5A*. Kile kimstari cha mawimbi kinaonyesha umeme wa AC, unaobadili mwelekeo, ule wa ukutani. Mstari ulionyooka wenye vistari vitatu chini yake ni umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja. Vifaa vingi vya nyumbani vinataka DC, lakini si vyote: baadhi ya simu za mezani na modemu za zamani zilikuja na adapta zinazotoa AC, 9V~ kwa mfano. Ukisoma namba bila kuangalia alama, utaona 9 na 9 zimelingana, kumbe umeme wa aina nyingine kabisa.

Lebo hiyohiyo ina mtego mmoja mdogo. Adapta nyingi zina herufi V au VI ndani ya kiduara. Hizo si volti. Ni namba za Kirumi zinazoonyesha daraja la adapta katika kutopoteza umeme, na daraja la VI ndilo Marekani ilianza kulidai mwaka 2016. Na mwingine: 500mA inaonekana kubwa kuliko 2A kwa sababu 500 ni kubwa kuliko 2, ilhali 1000mA ndiyo 1A. Adapta ya 500mA ina nusu ampea tu.

Volti inaamuliwa na adapta, ampea inaamuliwa na kifaa

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa kuliko wote, na ukipaelewa sehemu iliyobaki inakuwa nyepesi.

Adapta ya volti 12 inatoa volti 12 kwa kifaa chochote utakachokichomeka, kiwe kinazitaka au hakizitaki. Kifaa hakina namna ya kusema "nipunguzie." Ndani yake kuna vipande vyenye ukomo. Kapasita iliyo mlangoni mwa umeme, kile kipande cha mfano wa kopo kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, imeandikwa ubavuni kiwango cha mwisho cha volti inachostahimili. Ikiwa ni 10V kwa sababu kifaa kilitengenezwa kwa volti 5, ukiiletea volti 12 inaweza kuvimba kichwa au kupasuka, na ikishapasuka saketi iliyo nyuma yake inapokea pigo. Volti zikizidi kwa kiasi kikubwa, kifaa kinakufa mara moja. Zikipungua, matokeo ni ya kuyumba: ruta ya volti 12 ikipewa 9 inaweza kuwaka taa zote na isishike mtandao, na muuzaji akakuonyesha zile taa kama uthibitisho kwamba adapta inafaa.

Ampea ni habari tofauti. Namba ya ampea kwenye adapta ni kiasi cha juu inachoweza kutoa, na kifaa kinachota kile kinachokihitaji. Mgeni anayeshiba sahani moja hadhuriki kwa sababu sufuria la pilau la harusi ni kubwa. Kwa hiyo ruta inayotaka 12V 1A ikipewa adapta nzuri ya 12V 3A itachukua ile ampea yake moja na mambo yataendelea. Nimesikia mafundi wakikataza adapta ya ampea kubwa kwa madai kwamba "itasukuma umeme mwingi." Haisukumi. Kwa kifaa cha kawaida kinachotumia adapta, ampea sawa au zaidi ni sahihi, na mimi ningechagua zaidi kidogo, kwa kuwa adapta isiyofanya kazi kwenye ukomo wake haipati joto sana na huishi muda mrefu.

Kuna mahali kanuni hii inakatika, napo pasirukwe. Baadhi ya vifaa vya betri, kama taa za dharura za bei nafuu, drili na skuta za umeme, havina saketi ya kuchaji ndani. Kazi yote ya kuchunga betri imeachiwa kile kiboksi cha ukutani. Hiyo ni chaja hasa, haifanani na adapta hata kama sura ni moja. Pakiti ya betri za lithiamu zilizopangwa tatu kwa mfululizo inachajiwa na volti 12.6, na ya skuta iliyoandikwa volti 36 ina seli kumi kwa mfululizo, inachajiwa na volti 42. Chaja yake inapima na kupunguza mkondo, yaani zile ampea, betri inapokaribia kujaa. Ukibadilisha kwa adapta yoyote "ya karibu na hiyo", unachezea moto, na betri za lithiamu zikishika moto si rahisi kuzizima. Kwa vifaa hivi tafuta chaja ya kifaa hichohicho.

Ampea zikiwa pungufu, dalili zake zinadanganya kwa sababu zinafanana na ugonjwa wa kifaa. King'amuzi kinajizima na kujiwasha unapobadili chaneli. Diski ya nje inalia tik, tik, haizunguki. Kamera ya ulinzi inafanya kazi mchana, usiku inapowasha taa zake za kuonea gizani picha inapotea. Ruta inaanguka watu wakiwa wengi. Adapta nayo unaishika inachoma. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia mwishoni mwa 2012 na king'amuzi kikawa lazima sebuleni, sijui ni ving'amuzi vingapi vimetupwa vikiwa vizima, kumbe kilichochoka ni adapta.

Na hapa mita ya fundi nayo inaweza kukupoteza. Ukipima pini ya adapta iliyochoka ikiwa haijachomekwa kwenye kifaa, mita itasoma 12.2, safi kabisa. Ndani ya adapta kapasita zimekauka kwa joto la miaka. Hazina tena uwezo wa kushikilia umeme unapovutwa. Ukichomeka kifaa, volti zinashuka hadi 10 au 9 kila kinapohitaji nguvu, kisha zinarudi. Kipimo chenye maana ni kile kinachofanyika kifaa kikiwa kinavuta. Fundi makini atapima kwenye bodi, nyuma ya tundu, king'amuzi kikiwa kinawaka. Kama hana nafasi hiyo, ajaribu na adapta nyingine anayoijua kuwa nzima, ya volti hizohizo.

Kinyume chake kipo pia. Adapta za kizamani, zile nzito zenye transfoma ndani, nyingi hazina saketi ya kusawazisha. Imeandikwa 9V, ukiipima bila mzigo, yaani bila kifaa kinachovuta, inasoma 13 au 14. Si mbovu. Itashuka kwenye 9 ikifanya kazi na kifaa ilichokusudiwa. Ila usiichukue ukaipachika kwenye kifaa kidogo cha kisasa kinachovuta mkondo kidogo, kwa maana huko volti zitabaki juu.

Chanya katikati au chanya nje

Pini ya duara ina sehemu mbili: shimo la ndani na gamba la nje. Kwenye vifaa vingi chanya iko ndani na hasi iko nje, na lebo inaonyesha hivyo kwa mchoro wa nukta iliyozungukwa na nusu duara, nukta ikiunganishwa na alama ya kujumlisha. Kwa kuwa ni vingi, watu wameacha kuangalia. Halafu anatokea mpiga kinanda wa kwaya.

Vinanda vya Casio vya miaka ya nyuma vinatumia adapta ya volti 9 iitwayo AD-5, yenye hasi katikati. Vya karibuni vinatumia AD-E95100, volti 9.5, chanya katikati. Kinanda ni cha kampuni ileile na volti zimekaribiana, lakini umeme umegeuzwa. Vinanda vingi vya Yamaha vya nyumbani navyo vinataka volti 12, chanya katikati. Kanisani kukiwa na vinanda viwili na kapu moja la adapta, ajali inasubiri siku yake. Vidude vya kubadili sauti ya gitaa vinavyokanyagwa kwa mguu navyo kwa desturi ni hasi katikati, volti 9. Kifaa chenye diodi ya ulinzi, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kikigeuziwa umeme kinakataa kuwaka tu, ukirekebisha kinapona. Kisicho nayo kinaungua. Kwa macho hutajua ni kipi, hivyo linganisha michoro miwili, wa kifaa na wa adapta, kabla ya kuchomeka.

Pini yenyewe sasa. Tofauti inayosumbua zaidi ni kati ya shimo la 2.1 na la 2.5, kwa sababu nje zote ni 5.5. Pini yenye shimo la 2.1 haitaingia kwenye tundu lenye kijiti cha 2.5, hilo utaliona. Yenye shimo la 2.5 itaingia kwenye kijiti cha 2.1 bila shida, ila inabaki na nafasi: inashika ukiipinda, inaachia ukipita karibu na meza. Mahali panaposhika na kuachia panapata joto, na tundu linaharibika taratibu. Usilipe kwa pini inayocheza.

Laptopu

Namba za laptopu zinatisha bila sababu. Moja imeandikwa 19V 3.42A, nyingine 19.5V 3.33A, nyingine 20V 3.25A. Zidisha volti kwa ampea upate wati: zote ni 65. Tofauti ya nusu volti kati ya 19 na 19.5 haina madhara kwa kawaida. Wati ndizo za kuangalia: mashine ya wati 65 ikipewa 90 iko salama, ikipewa 45 itachaji polepole au betri itaendelea kushuka huku umechomeka.

Ugumu wa laptopu uko kwenye waya wa tatu. Dell na HP zina kijiti chembamba katikati ya pini, nacho hakibebi umeme wa kuendesha mashine. Kinaiambia mashine adapta hii ni ya wati ngapi. Kwenye Dell, ujumbe huo usipofika, kompyuta inawaka lakini inatoa onyo kwamba haiitambui adapta, betri haichaji, na mashine inajipunguzia kasi. Wengi hapo hununua betri mpya. Kabla ya hapo angalia kama kile kijiti kimepinda au kimekatika, au kama waya umechoka pale unapokunjwa kila siku karibu na pini.

Kwa zile zenye tundu la USB-C mambo ni ya amani zaidi. Chaja inaanza na volti 5, kisha inazungumza na kifaa, wanakubaliana kupanda hadi 9, 15 au 20. Kwa hiyo hapa kigezo ni wati, pamoja na waya: zaidi ya wati 60 unahitaji waya uliotengenezwa kwa ampea 5, la sivyo chaja ya wati 100 itabaki kutoa 60. Umoja wa Ulaya umelazimisha tundu hili kwa simu na vifaa vingine vidogo tangu tarehe 28 Desemba 2024, na laptopu zikafuata kwa tarehe ya 28 Aprili 2026, kwa hiyo hata soko letu linaelekea huko. Angalizo moja: vipo vifaa vya bei rahisi, kama spika ndogo na tochi, vyenye tundu la C vinavyochaji tu kwa waya wenye kichwa cha USB cha zamani upande wa pili. Ukitumia waya wa C kwa C havichaji kabisa. Si vibovu, mtengenezaji alibana matumizi akaacha kuweka virezista viwili, vipande vidogo vinavyoijulisha chaja kwamba kuna kifaa kimechomekwa.

Mizigo kutoka nje, na umeme kukatika

Ndugu akikuletea kifaa kutoka Marekani, upande wa INPUT ndio wa kusomwa. Kule ukutani ni volti 120, huku Tanzania ni 230 na Kenya ni 240. Adapta iliyoandikwa 100-240V haina neno, unahitaji kibadili plagi tu. Iliyoandikwa 120V 60Hz peke yake ikichomekwa hapa inakufa papo hapo, na kibadili plagi hakiisaidii kwa sababu kinabadili umbo la vidole vya plagi, hakibadili umeme. Habari njema ni kwamba si lazima utafute transfoma kubwa: ukijua OUTPUT yake, nunua adapta ya hapa yenye OUTPUT hiyohiyo na uiweke ile pembeni.

Umeme ukikatika, watu wengi siku hizi huendesha ruta kwa benki ya umeme ya simu kupitia waya unaopandisha volti 5 kuwa 12. Fanya hesabu kwanza. Ruta ya 12V 1A inataka wati 12. Tundu la 5V 2A linatoa 10. Haitoshi ruta ikivuta kiasi chake chote, na inaweza kuwa ikizima na kuwaka kila mara. Vile viboksi vya akiba vilivyotengenezwa kwa ajili ya ruta ni bora zaidi, ila vingi vina tundu la 9V na la 12V yamekaa jirani yenye pini moja. Bandika kipande cha karatasi kwenye waya sahihi, maana siku utakayochomeka itakuwa giza.

Umeme unaporudi, usichomeke palepale. Pigo la kurudi linapokelewa na adapta kabla ya kifaa, na adapta iliyo nzuri hufa ikiwa imelinda kilicho nyuma yake.

Hapo ndipo bei inapoingia. Ndani ya adapta, upande wa ukutani una volti 325 baada ya umeme wa 230 kugeuzwa kuwa DC, na upande wa pili ndio unaoushika kwa mkono. Kati yao panatakiwa nafasi tupu kwenye bodi, transfoma iliyofungwa kwa tabaka za kuhami, na kapasita maalumu isiyounganisha pande hizo ikiharibika. Adapta bandia inapunguza gharama hapohapo. Ukiinyanyua ni nyepesi mno kwa wati inazojidai, maandishi yake yana makosa ya herufi, na namba hazioani. Tafuta alama ya shirika la viwango, TBS Tanzania, KEBS Kenya au UNBS Uganda, na ile ya mraba ndani ya mraba kwenye adapta zenye vidole viwili, inayomaanisha imehamiwa maradufu. Laptopu ya bodi ya chuma ikikutekenya vidole inapochaji, mara nyingi sababu ni kwamba waya wa ardhini, ule mafundi wanaouita athi, haujafika ukutani: kidole cha tatu cha plagi kimekatwa au soketi haina athi. Rekebisha hilo kwanza.

Na kama lebo za kifaa na za adapta zote zimefutika? Andika jina la modeli, utafute maelezo yake mtandaoni. Hata modeli ikikosekana, fundi akifungua ataona kapasita ya mlangoni: ikiandikwa 10V, kifaa bila shaka ni cha volti 5 au karibu na hapo; ikiandikwa 16V, kisizidishwe volti 12; ikiandikwa 25V, kinaweza kuwa cha 12 hadi 19, na hapo kapasita peke yake haitoshi kuamua. Upande wa hasi ataupata kwa kupima gamba la tundu dhidi ya sehemu kubwa ya shaba ya bodi. Kisha akichomeke kwenye mashine ya mezani ya kupandisha volti kidogokidogo, aanze na 5, macho yakiwa kwenye kipimo cha ampea. Mkondo ukiruka ghafla kabla kifaa hakijawaka, azime. Kikiwaka, kikatulia na kufanya kazi yake yote, si taa tu, asome volti na ampea zilizopo mbele yake, aongeze ampea kwa nusu tena, na hiyo ndiyo adapta ya kutafuta dukani.